Historia ya Darubini ya Bunduki na Namba Zake Mbili

  Ninyi mnaosikiliza katika vikundi, tafadhali wekeni karibu karatasi moja ngumu, rula na mkasi, maana tutavitumia kabla ya somo kwisha.

Somo la leo limetokana na barua. Msikilizaji mmoja, ambaye kazi yake ni kufuata nyayo katika kitalu cha uwindaji kusini mwa nchi yetu, anauliza hivi: wageni wanaokuja kuwinda hufunga juu ya bunduki zao darubini zilizoandikwa namba. Mmoja yake imeandikwa 3-9x40, mwingine 1-6x24, mwingine 2.5-10x56, na kila mmoja huisifu ya kwake. Namba hizo maana yake nini, na mbona hazifanani? Kisha akaongeza neno ambalo ndilo lililonifanya niliweke swali lake mbele ya mengine: kwamba yeye hutembea mbele ya bunduki hizo, na mkononi ana fimbo tu.

Swali ni la chombo, lakini jibu lake limo katika historia. Mtu asiyejua namba hizo zilikotoka hudhani kwamba kubwa lazima iwe bora kuliko ndogo, kama mtu anayenunua debe. Mambo hayako hivyo.

Kwanza tujue maana. Katika maandishi 3-9x40, namba ya mwisho, yaani 40, ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Namba mbili za mwanzo ni nguvu ya kukuza. Nguvu ya 3 maana yake ni kwamba mnyama aliye umbali wa hatua 300 huonekana kana kwamba yuko hatua 100. Nguvu ya 9 humleta yule wa hatua 900 mpaka hapo hapo kwenye hatua 100. Na kile kistari kilicho kati ya 3 na 9 kinatuambia kwamba mwenye bunduki anaweza kuzungusha pete iliyo karibu na jicho lake, akachagua nguvu yoyote kuanzia ile ndogo mpaka ile kubwa. Ziko darubini zisizo na kistari, kama 4x32, ambazo nguvu yake ni moja tu siku zote. Ninachotaka kuwasimulia leo ni historia ya kistari kile.

Darubini yenyewe ni ya zamani. Mwaka 1608 fundi wa miwani katika nchi ya Uholanzi, Hans Lippershey, aliiomba serikali yake hati ya kumiliki ubunifu wa chombo cha kuonea vitu vya mbali. Mwaka uliofuata Galileo wa Italia alijitengenezea chake, akakielekeza mbinguni. Mwaka 1611 Johannes Kepler, Mjerumani, akaeleza namna nyingine ya kuipanga, kwa vioo viwili vilivyobinuka. Namna hiyo ya Kepler ina kasoro moja, nayo ni kugeuza picha juu chini. Lakini ina sifa kubwa pia: ndani ya bomba kuna mahali ambapo picha hukusanyika, na kitu chembamba kikiwekwa mahali pale huonekana wazi pamoja na picha yenyewe. Inasemekana kwamba Mwingereza mmoja mtazama nyota, William Gascoigne, aliligundua jambo hilo karibu na mwaka 1640, baada ya buibui kuingia katika darubini yake na kuacha uzi ndani. Uzi ule ndio babu wa nyuzi za msalaba ambazo mwindaji hulengea hata leo. Kwa muda mrefu mafundi walitumia utando wa buibui hasa, kwa kuwa hawakuweza kupata uzi mwembamba na imara kuliko huo.

Hata hivyo miaka 200 ilipita kabla darubini haijazoea kukaa juu ya bunduki. Bunduki za kale hazikuwa na mifereji ndani ya mtutu, na risasi yake ilikwenda popote ilipotaka. Kuifungia darubini bunduki ya namna hiyo ilikuwa kazi bure. Tena bunduki hupiga teke, na teke huvunja vioo, huvunja na nyusi ya mpigaji. Ilikuwa katikati ya karne ya 19 ndipo mambo yalipoanza kubadilika. Huko Syracuse, katika jimbo la New York, fundi aitwaye William Malcolm alianza mwaka 1855 kutengeneza darubini za bunduki, nazo zilitumika katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya 1861 hadi 1865. Zilikuwa bomba ndefu, nyingine zikikaribia urefu wa mtutu wenyewe, na mtu aliyechungulia ndani yake aliona kiwanja chembamba kama mtu anayechungulia tundu la ufunguo. Kwa askari aliyelala nyuma ya gogo akingoja adui asiyehama, hiyo ilitosha. Kwa mwindaji msituni haikufaa kitu.

Aliyeifanya darubini iwe chombo cha mwindaji ni fundi wa Ulaya ya kati. Mwaka 1900 karakana ya Kahles ya Vienna ilitoa darubini iliyoitwa Telorar, na miaka michache baadaye kiwanda cha Zeiss cha Jena, huko Ujerumani, nacho kikaingia katika kazi hiyo. Mbona huko na si kwingine? Sababu moja ni kwamba ndiko kulikokuwa na mafundi hodari wa vioo. Sababu nyingine ni namna ya kuwinda kwao. Mwindaji wa Kijerumani hupanda ulingo, mfano wa ule wanaotumia wakulima wetu kulindia mpunga, akakaa kimya kwenye ukingo wa msitu mpaka jua lizame, akingoja paa atoke kula majani. Saa ile jicho tupu halioni tena alama ya nyuma na alama ya mbele ya bunduki, wala haliwezi kuzilinganisha na mnyama. Darubini huona.

Baada ya Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, Zeiss waliziita darubini zao kwa majina yenye namba ndani yake. Ziel kwa Kijerumani ni shabaha. Basi palikuwa na Zielvier, yaani shabaha-nne. Palikuwa na Zielsechs, shabaha-sita. Na Zielacht, shabaha-nane. Mwindaji alikwenda dukani, akachagua namba yake moja, akaishi nayo kama mtu aliyeoa.

Shida ni kwamba mwindaji yule yule huwinda namna mbili. Jioni hukaa ulingoni, na mnyama wake husimama mbali, ametulia. Lakini majira ya baridi yakija, wanakijiji huingia msituni kwa kelele na mbwa, wakawafukuza nguruwe mwitu, nao hupita mbele ya mwindaji kwa mbio, hatua 30, pengine 10. Darubini ya nguvu ya 6 hapo humwonyesha manyoya meusi yanayopita, basi. Kwa hiyo mafundi wa Ujerumani walikuwa wakitengeneza vifungio vyenye kucha, ili mtu aweze kuing'oa darubini yake kwa mkono na kulenga kwa alama za bunduki. Kazi ya kucha zile ilikuwa ya ufundi mkubwa na ghali sana, kwa sababu darubini ikirudishwa lazima ikae pale pale ilipokuwa, bila kupotoka hata unywele.

Katika miaka ya 1920 Zeiss walitoa darubini waliyoiita Zielmulti, shabaha-nyingi. Ilikuza kuanzia 1 mpaka 4 kwa kuzungusha pete. Naomba mtie alama hapo, wasikilizaji. Nguvu ya 1 ni kutokukuza kabisa: unaona kama unavyoona kwa jicho lako, isipokuwa nyuzi za msalaba zimewekwa juu ya picha. Mtu huweza kuacha macho yake yote mawili wazi na kupiga mnyama anayekimbia. Kwa hiyo kistari kilipoingia katika darubini ya mwindaji, thamani yake ilikuwa upande wa kushoto, kwenye namba ndogo. Namba ile ndiyo iliyomwondolea mtu taabu ya kung'oa darubini nguruwe anapokuja.

Je, pete hufanya kazi gani? Nilisema kwamba darubini ya Kepler hugeuza picha juu chini. Ili mwindaji asimwone swala akining'inia kwa miguu, fundi huweka katikati ya bomba vioo vingine vya kuirudisha picha wima. Vioo hivyo vikisogezwa mbele au nyuma, tena kila kimoja kwa kipimo chake, picha hukua au hupungua. Pete unayoizungusha nje huvuta vioo hivyo ndani kwa njia ya mifereji iliyochongwa kwa mzingo. Kasoro ya Kepler ndiyo iliyozaa kistari.

Jambo hilo ni jepesi kusema, lakini lilichukua miaka 40 kukubalika, na wawindaji wazee waliolikataa hawakuwa wajinga. Walikuwa na hoja. Hoja ya kwanza ilikuwa nuru. Kila uso wa kioo kitupu hurudisha nyuma kiasi cha sehemu 4 katika 100 za nuru inayougonga. Darubini yenye pete huhitaji vioo vingi. Fanyeni hesabu ya nyuso 16, kila moja ikila sehemu 4 katika 100 za kile kilichobaki: nuru inayofika jichoni ni nusu tu, au zaidi kidogo ya nusu. Na mtu alinunua darubini kwa ajili ya jioni! Dawa ya jambo hilo ilipatikana Jena mwaka 1935, pale Alexander Smakula, mtaalamu wa Zeiss aliyezaliwa Ukraine, alipovumbua namna ya kupaka vioo utando mwembamba mno unaozuia nuru isirudi nyuma. Rangi ya zambarau au kijani mnayoiona mkitazama kioo cha mbele cha darubini kwa ubavu ndiyo alama ya utando huo. Nyuso zile zile 16, kila moja ikipoteza sehemu 1 tu katika 100, huleta jichoni zaidi ya sehemu 80 za nuru.

Hoja ya pili ilikuwa maji. Penye pete pana ufa, na penye ufa mvuke huingia. Darubini ikitoka kwenye baridi ikaingia kwenye joto, vioo hupata ukungu kwa ndani ambapo kitambaa hakifiki. Hoja ya tatu ilikuwa kwamba vioo vinavyotembea havikurudi daima mahali pake: mtu akiielekeza bunduki yake vizuri kwa nguvu ya 3, kisha akageuza kwenda 9, risasi ilihama shabaha. Mwindaji aliyekosa mnyama kwa sababu hiyo hakuisamehe darubini ile.

Hoja hizo zilijibiwa zaidi huko Marekani, na ni lazima tuvuke bahari sasa kuwafuata wajibuji.

Mwaka 1930 mtu mmoja wa jimbo la Kentucky, William Weaver, alianza kutengeneza darubini za bunduki ambazo mtu wa kawaida aliweza kuzinunua, na mwaka 1933 alihamishia kazi yake El Paso, katika Texas. Kabla yake, darubini kwa Mmarekani ilikuwa kitu cha tajiri, kilichotoka Ujerumani. Baada ya Vita Kuu ya Pili, vijana walirudi makwao wakiwa wamezoea bunduki na wamezisikia sifa za darubini, na soko likafunguka. Kampuni ya Leupold ya Portland, katika Oregon, ambayo kwa miaka mingi ilitengeneza vyombo vya wapima ardhi na vya kupimia kina cha mito, iliingia katika kazi hiyo mwaka 1947, ikawa miongoni mwa waliotangulia kutoa hewa yenye unyevu ndani ya bomba na kujaza gesi kavu ya naitrojeni. Ukungu ukakoma. Mwaka 1962 kampuni hiyo ilileta nyuzi za msalaba zilizo nene pembeni na nyembamba katikati, na karibu viwanda vyote vimeziiga: sehemu nene huongoza jicho wakati wa giza, sehemu nyembamba haimfichi mnyama wa mbali.

Hapo pana tofauti kati ya Ulaya na Marekani inayofaa kujulikana. Kwa muda mrefu mafundi wa Ulaya waliziweka nyuzi mbele ya vile vioo vinavyotembea, kwa hiyo picha ikikua nyuzi nazo hunenepa. Wamarekani walizihamishia nyuma yake, na nyuzi zikabaki na unene ule ule mbele ya jicho. Mpango wa Ulaya haukupotosha shabaha hata fundi akiwa mzembe. Mpango wa Marekani ulidai fundi asizembee. Mashine za kuchongea zilipokuwa bora, mpango wa Marekani ukashinda kwa wawindaji walio wengi, hata Ulaya.

Katika miaka ya 1960, basi, ile 3-9x40 ilianza kuwa darubini ya Marekani, kama jembe lilivyo la mkulima. Kikosi cha Marine cha Marekani kiliifunga darubini ya Redfield ya 3 mpaka 9 juu ya bunduki zake za walenga shabaha zilizotumika Vietnam kuanzia mwaka 1966, na baada ya hapo ilikuwa vigumu kumwambia mtu kwamba pete ni dhaifu. Viwanda vya Japani navyo vilikuwa vimeanza kutengeneza darubini kwa ajili ya maduka ya Marekani, bei ikashuka tena.

Lakini tazameni kilichotokea upande wa kushoto wa kistari. Zielmulti ilianzia 1. Darubini iliyoenea duniani ilianzia 3. Kwa Mmarekani hilo halikuwa kosa: kulungu wake ni mnyama mpole asiyemrudia mtu, na katika nchi za milima za magharibi humpiga ng'ambo ya bonde. Kwa paa wa mita 150 au 200, nguvu ya 4 au 6 yatosha kabisa, na 9 ni ya kuhakikisha pembe. Ila biashara ina mazoea yake. Namba inayoweza kusifiwa dukani ni ile kubwa, kwa sababu mnunuzi akisimama mlangoni na kutazama bango lililo ng'ambo ya barabara huvutiwa na herufi zilizokua. Hakuna nyati dukani. Kwa hiyo namba ya kulia iliendelea kupanda: 10, 12, 14, 16 na zaidi; na ile ya kushoto mara nyingi ilipanda nayo, kwa sababu kwa miaka mingi mafundi hawakuweza kuifanya namba kubwa izidi mara 3 au 4 ya ndogo. Aliyetaka 16 alipewa 4-16, akapoteza zile za chini.

Sasa tuje kwetu. Wawindaji wa pembe wa zamani katika Afrika ya Mashariki hawakutumia darubini. Mskoti W. D. M. Bell, ambaye tangu mwaka 1902 aliwinda Karamoja na nchi za jirani, aliua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa bunduki ndogo na kwa kulenga kwa jicho tupu. Mimi hesabu hiyo hainifurahishi hata kidogo, lakini yatufundisha kitu: tembo hupigwa karibu, na aliye karibu hahitaji kukuziwa. Darubini zilikuja kuenea katika safari za wageni baada ya Vita Kuu ya Pili, zikiwa juu ya bunduki za Kimarekani. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Tanzania iliusimamisha mwaka 1973, ikaufungua tena mwaka 1978, na wageni wakaendelea kuja na mizigo yao ya darubini zilizochaguliwa kwa ajili ya nchi nyingine.

Hapa ndipo tunapohitaji karatasi. Kunjeni karatasi yenu iwe bomba la urefu wa sentimita 30, na mdomo wake uwe na upana wa sentimita 3. Mtu mmoja asimame hatua 20 mbele, mwingine amtazame kupitia bomba kwa jicho moja. Kiwanja mnachokiona kinakaribia kile cha darubini ya 3-9x40 ikiwa kwenye 3: kwa umbali wa mita 20, upana wake ni mita 2 na kidogo. Sasa kateni kipande kingine cha karatasi, kikunjeni urefu ule ule, lakini mdomo uwe sentimita 1 na nusu. Hiyo ni nguvu ya 9, na upana wake kwa mita 20 haufiki mita 1. Mwambieni yule mwenzenu akimbie kwenda upande, nanyi mjaribu kumfuata kwa bomba. Kwa nguvu ya 1 mngehitaji bomba lenye mdomo wa sentimita 11, kama kopo kubwa lililotobolewa chini, na mngeona upana wa mita 7 na zaidi.

Fikirini basi nyati aliyejeruhiwa katika kichaka. Urefu wake huzidi mita 2. Akikimbia, hupita mita zaidi ya 10 kwa sekunde moja. Mgeni aliyesahau pete yake kwenye 9, tangu alipomtazama kongoni asubuhi mbugani, huinua bunduki na kuona manyoya meusi yaliyojaa kioo chote, asijue kama ni bega au paja. Hajui aliyeko kushoto wala kulia mwa manyoya hayo. Wakati anahangaika, sekunde zake mbili zimekwisha. Na aliyekuwa mbele yake akisoma nyayo ni mfuata nyayo wetu mwenye fimbo. Hata risasi ya kwanza, ile iliyomjeruhi nyati badala ya kumwangusha, mara nyingi ilitokana na namba kubwa: nguvu ikizidi, hukuza pia mtetemo wa mikono na pumzi, na saa za mchana hukuza yale mawimbi ya joto yanayopanda kutoka ardhini, mnyama akaonekana kama yuko chini ya maji. Mtu hungoja msalaba utulie, hautulii, mwishowe huvuta kwa pupa.

Ndiyo maana darubini zinazofaa kwa bunduki nzito ya .375 katika misitu ya miombo ni zile zinazoanzia 1, au 1 na robo, au 1 na nusu, na kuishia 4, 5 au 6. Baadhi ya viwanda vya Ulaya huziandika hata jina la safari. Kioo chake cha mbele ni chembamba, milimita 20 au 24, sawa na bomba lenyewe, nayo hukaa chini karibu na mtutu. Kwa wale wanaowinda nyati, simba na pofu katika safari moja, sioni sababu ya kutafuta nyingine.

Na ile 2.5-10x56 ya msikilizaji wetu? Hiyo ni mtoto wa ulingo wa Ujerumani. Gawanyeni upana wa kioo cha mbele kwa nguvu ya kukuza, mtapata upana wa mwali wa nuru unaotoka nyuma kuingia jichoni. Kwa 56, nguvu ikiwa 8, jibu ni milimita 7. Mboni ya jicho la kijana gizani hufunguka kiasi cha milimita 7, kwa hiyo hakuna kinachopotea. Mjerumani huruhusiwa kuwinda nguruwe mwitu usiku kwa mbalamwezi, na jioni za kiangazi kwao ni ndefu mno. Kwetu jua likizama giza huingia kwa kiasi cha nusu saa, na sheria haimruhusu mtu kuwinda usiku. Tena mboni za mzee hazifunguki sana, pengine milimita 5, na wageni wengi wenye fedha za safari si vijana. Kioo kikubwa kile hapa ni mzigo tu, na huilazimisha darubini kukaa juu, mtu ainue shavu kutoka kwenye kitako ili aone.

Siku hizi mafundi wamepata njia ya kuipita ile mipaka ya mara 3 na mara 4. Tangu miaka ya 2000 viwanda vya Ulaya vimetoa darubini ambazo namba yake kubwa ni mara 6 ya ndogo, na mwaka 2016 Swarovski wa Austria walitoa zilizofika mara 8, k.m. 1 mpaka 8. Kwa mara ya kwanza mtu anaweza kupata zote mbili, macho mawili wazi kichakani na paa wa mbali mbugani, kwa bei ambayo wengi wetu tungenunulia ng'ombe kadhaa. Lakini pete pana namna hiyo huongeza jambo moja la kusahau, kwa sababu kutoka 8 kurudi 1 ni mwendo mrefu wa mkono.

Kwa hiyo, ndugu yangu uliyeandika barua, nakujibu hivi. Mgeni anapokuja na bunduki yake, soma namba ya kushoto kabla ya ile ya kulia. Kisha tazama pete: juu ya bomba, karibu nayo, kuna nukta au kistari kidogo, na namba iliyoelekea nukta hiyo ndiyo inayotumika sasa. Huhitaji kuchungulia wala kuigusa bunduki ya mtu. Kabla ya kuingia kichakani, mwambie mwindaji mtaalamu anayemwongoza mgeni, kwa adabu, kwamba pete haijarudishwa chini. Wataalamu wazoefu wanalijua jambo hili, nao hutembea na pete kwenye namba ndogo siku nzima na kuipandisha tu wakati mnyama yuko mbali na wana nafasi ya kukaa. Yule ambaye hatapenda kuambiwa, mwambie bado.

Vikundi viandike matokeo ya jaribio la karatasi: ni wangapi walioweza kumfuata mwenzao kwa bomba jembamba, na kwa hatua ngapi. Leteni majibu kwa anwani yetu ya kawaida. Juma lijalo, saa hii hii, tutaanza historia ya mizani ya dukani, nanyi wenye maduka mtafadhali msikose. Kwa herini.